Siku Ziwa Tanganyika Lilipokuwa na Kina cha Mita Moja na Nusu

Nafundisha hisabati katika shule ya msingi ya serikali mjini Kigoma, upande wa Ujiji. Ukisimama kwenye uwanja wetu wa mpira unaliona Ziwa Tanganyika, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Mwaka 2024 nilikuwa na darasa la tano lenye watoto 84, na ndio mwaka nilioamua kufundisha sehemu ya hisabati kwa kuwapa maswali ya kwenda kutafuta kwenye intaneti. Walimu wenzangu huniuliza niliwezaje bila chumba cha kompyuta. Wengine huniuliza kama ina faida yoyote. Nimeona niandike niliyoyaona, pamoja na yaliyonishinda mwanzoni.

Nianze na vifaa. Tulichonacho ni vishikwambi, vile walivyotumia makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baada ya kazi ile serikali iliwagawia walimu. Changu, pamoja na viwili vya wenzangu waliokubali kuniazima, vikawa vitatu. Bando natoa mfukoni mwangu. Watoto niliwagawa makundi 12 ya watoto saba saba. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo makundi matatu yanashika vishikwambi kwa dakika kumi, yanapisha matatu mengine, mpaka zamu nne zinakwisha. Hesabu hiyo niliwapa watoto waipige wenyewe kabla hatujaanza, na binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na muda wa kupokezana je?" Nilikuwa sijauweka. Tukashusha kila zamu hadi dakika tisa, zikabaki dakika nne za kupishana.

Somo la kwanza liliharibika, ingawa siku ile sikujua. Niliandika ubaoni maswali matano: kina cha Ziwa Tanganyika, urefu wake, urefu wa Mlima Kilimanjaro, idadi ya watu wa Tanzania, na umbali wa reli kutoka Dar es Salaam hadi kwetu. Watoto wakatafuta, wakapata, wakanakili. Kina, mita 1,470. Urefu wa ziwa, kilomita 673. Kilimanjaro, mita 5,895. Watu, 61,741,120. Reli, kilomita 1,250 hivi. Madaftari yalipendeza. Nikasahihisha kwa wino mwekundu, vyema kwa vyema, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Wiki iliyofuata nilimsimamisha mtoto mmoja nikamuuliza, "1,470 ni nini?" Akajibu, "Ni namba ya ziwa, mwalimu." Nikamuuliza ni kubwa au ndogo. Akanyamaza. Nikaligeukia darasa zima, kimya. Hawa ni watoto ambao baba zao wanakesha ziwani wakivua dagaa kwa taa, na hawakuwa na neno la kusema juu ya kina cha ziwa lao, kwa kuwa namba ile ilitoka kwenye kioo ikaingia kwenye daftari bila kupita kichwani. Jibu lile, "namba ya ziwa", ninalo mpaka leo.

Siku hiyo tuliacha vishikwambi ofisini, tukatoka nje hadi kwenye mlingoti wa bendera. Mlingoti wetu una mita saba. Nikawauliza: kuanzia sakafu ya ziwa hadi usoni pa maji, ingetakiwa milingoti mingapi, mmoja juu ya mwenzake? Wakakaa chini ya mwembe, wakagawanya 1,470 kwa 7. Kundi moja likatoa 210. Kijana mdogo wa kundi hilo, mtulivu sana, akautazama mlingoti kuanzia chini hadi kwenye bendera, akaligeukia ziwa, kisha akautazama tena mlingoti. Macho yake yalifanya kazi ambayo maswali yangu matano hayakuifanya.

Kuanzia hapo niliweka sharti moja, na kama kuna kitu ninachotaka mwalimu mwenzangu akichukue kwangu, ni hiki: hakuna kundi linaloshika kishikwambi kabla ya kuandika kisio lake. Tulianzisha daftari la makisio. Ukurasa una safu nne: tunakisia nini, kwa sababu gani, tumekuta nini, tofauti ni kiasi gani. Safu ya pili ndiyo nzito. Mwanzoni waliandika "kwa sababu tunaona hivyo" na nilikataa, wakarudi kufikiri. Makundi tisa yanayosubiri zamu hayakai bure. Yanabishana juu ya sababu. Kipindi cha intaneti kikawa na kelele kuliko vipindi vyangu vyote, na sehemu kubwa ya kelele ilitoka kwa watoto ambao hawakuwa wameshika kifaa chochote.

Sensa tuliirudia kwa utaratibu huo. Kundi moja lilikisia Tanzania ina watu milioni moja, sababu: "milioni ni nyingi sana". Kundi lingine lilifikia milioni 30 kwa njia ambayo sikuwafundisha: walisema mkoa wetu una watu kama milioni moja, mikoa iko karibu 30. Mikoa ni 31, na mkoa wetu una zaidi ya milioni mbili, lakini njia yao ilikuwa ya mtu anayejua anachokifanya. Walipolikuta jibu, wakarudi wenyewe kutafuta kosa liko wapi, wakalikuta kwenye ile milioni moja ya Kigoma.

Niliwaambia kwamba vifaa walivyoshika ndivyo vilivyohesabia. Binti mmoja akakigeuza kishikwambi akakitazama mgongoni. "Mwalimu, na mimi nimo?" Nikamwambia umo, wewe ni moja ndani ya ile namba. Wakakuta wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, wakajumlisha kuhakikisha hakuna aliyepotea. Jumla ikatoka sawasawa, 61,741,120, na darasa likapiga makofi. Sikuwaomba wapige. Kisha wakachukua ya mwaka 2012, watu 44,928,923, wakatoa: wameongezeka 16,812,197 kwa miaka kumi. Nikawaambia wagawanye kwa kumi, kisha kwa siku 365. Ilichukua kipindi kizima na ubao wote. Ikatoka karibu watu 4,600 kwa siku. Shule yetu ina wanafunzi 1,150. Wakaona kila kunapokucha nchi inaongeza shule nne kama yetu, na mmoja akauliza madawati yatatoka wapi. Sikulifuta swali lile ubaoni. Lilikaa pale wiki nzima.

Sasa nieleze siku ambayo ziwa letu lilikuwa na kina cha mita moja na nusu.

Tulikuwa tunatafuta habari za meli ya Liemba, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua hata kama hajawahi kuipanda. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiichukue, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Kundi moja likaandika jina hilo kwenye sehemu ya kutafutia, likaangukia ukurasa wa Kijerumani. Lugha hawakuielewa, lakini namba wakaziona, na kwenye ukurasa ule ule walikuta kina cha Ziwa Tanganyika: 1.470 m.

Msemaji wa kundi akasimama akasoma kwa sauti, kama tulivyosoma desimali mwezi mmoja nyuma: "Mita moja nukta nne saba sifuri."

Darasa likatulia. Zamani, katika lile somo langu la kwanza, namba hiyo ingenakiliwa na kupewa vyema. Safari hii, mbele yao lilikuwepo daftari la makisio, na mlingoti uliojirudia mara 210. Binti mmoja wa mbele akainuka, akaenda kwenye fremu ya mlango ambako tulikuwa tumechora alama za urefu wa kila mtu. Alama yake ilikuwa mita 1.43. Akasimama pale, akaweka kiganja juu kidogo ya kichwa chake, akasema: "Basi ziwa linaishia hapa. Baba angekuwa anavua amesimama."

Watoto walicheka, lakini hakuna aliyerudi kukaa. Kosa lilikuwa wapi? Mtu wa kwanza alisema ukurasa ni wa uongo. Wa pili akasema labda wamepima pwani tu. Niliuma ulimi. Ni jambo gumu kwa mwalimu kukaa na jibu mdomoni kwa dakika saba au nane, na ninakiri kwamba miaka yote ya nyuma sikuwa naliweza. Kundi lile likarudi kwenye ukurasa. Wakaona masanduku ya meli: 5.000. "Masanduku matano nukta sifuri?" Meli nzima kwenye masanduku matano? Halafu wakaona urefu wa meli: 71,40 m. Hapo yule kijana mtulivu wa mlingoti akaja ubaoni, akachukua chaki, akaandika hizo namba tatu moja chini ya nyingine, akazitazama. Akasema polepole, "Kwao nukta ni mkato wetu. Na mkato ni nukta yetu."

Alikuwa sahihi kabisa. Wajerumani huweka nukta kutenga maelfu na mkato kuonyesha desimali. Hilo hakulisoma popote. Alilipata kwa kuweka namba tatu pamoja na kuuliza ni kanuni ipi ingezifanya zote ziwe na maana. Hiyo ndiyo hisabati yenyewe, na ilifanywa na mtoto wa miaka kumi na moja ambaye katika mtihani wa mwezi huo alipata alama 38. Nimewahi kujiuliza ni watoto wangapi wa namna hiyo nimewapa 38 na kuendelea na safari.

Baada ya hapo tuliipima Liemba uwanjani. Futikamba yetu ina mita 30, kwa hiyo ilikwenda mara mbili na mita 11 na sentimita 40 juu. Watoto walisimama mmoja kila upande, wakapungiana mikono kama watu wa gatini na wa melini.

Mzazi mmoja alikuja shuleni wakati huo. Alikuwa mvuvi, mzee wa makamo, amevaa kanzu na balaghashia, na alikuja na malalamiko. Alisikia watoto wanapewa simu darasani. Nyumbani kwake amekataza, sasa shule inafundisha kile anachokikataza? Nilimkaribisha kiti, nikamwonyesha vishikwambi, nikamweleza kwamba kurasa nazifungua mimi mwenyewe asubuhi kabla ya kipindi, na nakaa karibu na makundi yaliyoshika. Alinisikiliza kwa heshima lakini hakuridhika. Kisha nikampa daftari la makisio la kundi la mwanawe. Akasoma. Akafika pale palipoandikwa 1,470.

"Mwalimu, sisi hatupimi hivi," akasema. "Sisi tunapima kwa pima."

Nikamwomba aje darasani. Akaja, akasimama mbele, akanyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. "Hii ndiyo pima." Watoto wengine walilisikia neno hilo kwa babu zao bila kujua ni kipimo chenye hesabu yake: shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Wakampima kwa futikamba. Pima yake ilikuwa mita 1.75. Wakagawanya: ziwa lina pima 840 za mzee. Yule binti wa mlangoni naye akajipima, pima yake ikawa mita 1.4, kwa mikono yake ziwa lina pima 1,050. Wakabishana ipi ni kina cha kweli. Mzee akawaambia kwamba ndiyo maana nahodha akikutajia pima za kamba lazima umjue nahodha mwenyewe. Miaka yote nimefundisha kwa nini dunia ilihitaji kipimo sanifu kama mita, na sijawahi kukieleza vizuri kama alivyokieleza yule mzee kwa sentensi moja.

Kuhusu simu nyumbani, hakubadili msimamo, na mimi sikumwomba abadili. Aliuliza tu kama tunaweza kujua chini kabisa kuna nini, maana nyavu zao hazifiki. Swali hilo tukalifanya la wiki. Watoto walikisia papa, mamba, na samaki wasio na macho. Wakakuta kwamba oksijeni katika ziwa letu inaishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu, kutegemea eneo, na chini ya hapo samaki hawawezi kuishi. Wakakuta pia kwamba uso wa ziwa uko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari. Mtoto mmoja akatoa 773 kwenye 1,470 akapata 697, akaniuliza: hizi mita 697 zilizobaki ziko wapi? Nikachora mstari ubaoni: bahari ya Dar es Salaam hapa, uso wa ziwa letu huku juu, sakafu ya ziwa kule chini, chini kuliko bahari. Namba hasi ilikuwa mada ya mbele kabisa katika mpango wangu wa kazi. Waliiingia siku hiyo kwa sababu walikuwa na kitu cha kuiwekea, na tulipoifikia rasmi mwaka uliofuata, nilisema tu "sakafu ya ziwa" wakanielewa.

Asilimia zilinipa taabu zaidi. Niliwatuma wakatafute kila nchi inamiliki asilimia ngapi ya ziwa. Kundi moja likarudi na Kongo 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Kundi lingine likarudi na Tanzania 46, Kongo 40, na Burundi na Zambia zikigawana 14 zilizobaki. Mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba njia ya kuhakiki asilimia ni kujumlisha: zikifika 100, uko salama. Wakajumlisha. Zote mbili zilifika 100.

Nilibaki nimesimama. Kanuni niliyokuwa nimeitoa kwa uhakika kwa miaka kumi na mbili ilikuwa imekwama mbele ya watoto, na ilibidi niiseme upya, kwa usahihi: jumla ikikataa, umekosea, jumla ikikubali, bado hujathibitisha kitu. Watoto wa upande wa 46 walikuwa wanashangilia kana kwamba Taifa Stars imefunga. Nikawauliza tufanyeje. Mmoja akasema tuhesabu wenyewe.

Nilikwenda duka la steshenari nikatoa nakala 12 za ramani ya ziwa yenye mipaka, na watoto wakachora miraba ya sentimita moja juu yake. Miraba iliyojaa inahesabiwa moja, iliyozidi nusu inahesabiwa moja, isiyofika nusu inaachwa. Kila kundi likakokotoa sehemu ya Tanzania. Jibu dogo kabisa lilikuwa asilimia 39, kubwa kabisa 47. Tukajumlisha ya makundi yote 12, ikawa 516, wastani 43. Walitaka niwatajie mshindi kati ya 41 na 46. Nikawaambia ramani yetu ndogo na miraba yetu mikubwa haiwezi kuamua hilo, na kwamba mtu mwaminifu akiulizwa angesema "kati ya hapa na hapa". Hawakupenda. Watoto wawili walikwenda na ramani nyumbani, wakarudi Jumatatu na miraba ya nusu sentimita, macho mekundu. Walipata 44. Sikuwaambia wafanye hivyo, na wala hawakupewa alama kwa kazi ile.

Kazi niliyoipenda kuliko zote, hata hivyo, ilitokana na mfungo. Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza katikati ya mwezi wa tatu, na wengi wa watoto wangu walikuwa wanafunga, au wanafunga nusu siku kama watoto wafanyavyo. Kila mtu wa Kigoma anajua kwamba adhana ya Magharibi inayorushwa redioni kutoka Dar es Salaam si yetu. Ukifungua kwa adhana ile umekula mchana. Bibi zetu wanajua, watoto wanajua, hata majirani Wakristo wanajua. Nikauliza darasa: Dar wanatutangulia kwa dakika ngapi, na kwa nini?

Makisio yalikuwa kuanzia dakika tano hadi saa mbili. Wakatafuta machweo ya tarehe 20 Machi kwa miji yote miwili. Dar es Salaam, 18:34. Kigoma, 19:12. Sasa kazi ikawa kugeuza, kwa kuwa kishikwambi kinahesabu saa kutoka usiku wa manane na sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza. Dar ni saa 12:34 jioni, Kigoma ni saa 1:12 usiku. Nusu ya darasa ikakwama hapo: 1:12 toa 12:34 haitoki. Nikawaacha wakwame. Baadhi waliondoka 12:34 kwenda saa moja, wakapata dakika 26, wakaongeza 12, wakapata 38. Wengine walitumia 19:12 toa 18:34, wakaazima saa moja yenye dakika 60, nao wakapata 38. Kundi moja liliazima mia badala ya sitini, likapata 78, na lenyewe likajikataa kwa sababu, kama walivyoandika kwenye safu ya mwisho, "dakika 78 kuna mtu angeshazimia kwa njaa".

Kwa nini 38? Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika nne. Dar iko karibu nyuzi 39.3 mashariki, Kigoma 29.6. Tofauti 9.7, mara nne, dakika 38.8. Kesho yake mtoto mmoja alikuja kunisalimia mapema kabla ya paredi. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Akaniambia jana alikaa na saa ya kaka yake na redio ya bibi, akahesabu kutoka adhana ya redioni hadi ya msikitini kwetu. Alipata dakika 39. Alikuwa ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu ili asisahau.

Kuna mambo ya kawaida ambayo mwalimu atakayejaribu atayahitaji, nayataja haraka. Zima picha kwenye kivinjari, bando litadumu zaidi. Hifadhi kurasa muhimu nyumbani usiku mtandao ukiwa mzuri, kwa maana saa tano asubuhi, wakati wa kipindi changu, mara nyingi haushiki. Swali moja kwa kipindi linatosha. Matano niliyoanza nayo yalikuwa wizi wa muda wa watoto. Andikeni jina la ukurasa mlikoikuta namba, kila mara, hata kama ni kazi ya dakika tisa. Na lile jibu linalotokea juu kabisa mara tu unapouliza, watoto wangu hawaruhusiwi kulinakili mpaka walikute mahali pengine pawili. Mtandao ukikatika kabisa, daftari la makisio linabaki, na mara mbili au tatu niliondoka darasani nikiwa nimeridhika bila namba yoyote kupatikana.

Wenzangu waliniuliza juu ya mtihani. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa watoto hawa watakaa mbele ya karatasi ya darasa la saba na hakuna atakayewauliza kuhusu masanduku ya Liemba. Nilichokiona kwenye madaftari yao ni kwamba makosa ya kipuuzi yalipungua: mtu mwenye urefu wa mita 17, kilo 400 za sukari kwa kikombe cha chai, vitu ambavyo miaka ya nyuma nilivisahihisha kila siku. Sasa mtoto hufuta mwenyewe kabla hajaniletea. Kuzidisha kwa tarakimu tatu bado kunawasumbua wengine, na huko hakuna ukurasa wa intaneti uliotusaidia. Tuliimba jedwali la kuzidisha kila asubuhi kama zamani, na tunaendelea.

Nilipanda nao darasa la sita. Yule binti wa fremu ya mlango, ambaye alama yake sasa imepita mita 1.5, alinifuata siku moja baada ya kengele akiwa na daftari la makisio. Miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, yamefunika njia ya ufukweni na miti iliyokuwa nchi kavu alipokuwa mdogo. Alikuwa ameizungushia duara 1,470. "Mwalimu, hii ilipimwa lini? Kwa sababu mti wetu wa kuanikia nyavu sasa uko ndani ya maji."

Safu ya kwanza alikuwa ameshaijaza: alikisia maji yameongezeka mita mbili. Safu ya pili aliandika: "kwa sababu shina la mti limezama kuliko kimo changu, na kuna mteremko". Tukaenda na kundi lake hadi ufukweni na fito ndefu, baba yake akatusaidia kuisimika karibu na ule mti, na watoto wakaichora alama za sentimita kwa rangi nyeupe. Kila Jumatatu watoto wawili wanashuka kusoma. Jumatatu iliyopita maji yalikuwa kwenye sentimita 62.